Risasi ndani ya goti: kisa cha fundi cherehani wa Nakivale

Mgonjwa huyu nitamwita Fundi, kama wanavyomwita sokoni. Ni mwanamume wa miaka 43, mkimbizi kutoka Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, anayeshona nguo katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha asitambulike. Ugonjwa wenyewe na jinsi ulivyofuatana sijaugusa.

Alifika kituoni na malalamiko ambayo sisi wa kusini-magharibi mwa Uganda huyasikia kabla hata ya saa nne asubuhi: tumbo linasokota, choo kigumu, kichwa, viungo, uchovu usioisha kwa kulala. Mkononi alikuwa na lile daftari la shule ambalo wagonjwa wetu hununua dukani ili waandikiwe humo. Ukilifungua unasoma miezi minane ya matibabu. Malaria, akapewa dawa. Taifodi kwa kipimo cha Widal, akapewa siprofloksasini. Taifodi tena. Vidonda vya tumbo, omeprazoli na antibayotiki mbili. Kisha bruselosi, kwa kuwa Isingiro ni nchi ya ng'ombe na kila mtu anakunywa maziwa, akameza doksisaiklini wiki sita. Minyoo. Mwishoni upungufu wa damu, vidonge vya madini ya chuma. Kila ukurasa una mwandiko wake na muhuri wake, na hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba aliyeuandika alisoma ule uliotangulia.

Sisemi hivyo kwa dharau. Anayewahudumia wagonjwa mia kwa siku hana nafasi ya kusoma daftari zima, na magonjwa yote hayo yapo kweli katika eneo letu. Lakini Widal kwa mtu anayeishi mahali ambapo taifodi haikauki huweza kuonyesha mabaki ya kinga ya zamani tu, na homa Fundi hakuwa nayo hata siku moja. Taifodi mbili bila homa zilipaswa kumsumbua mtu akili.

Kulikuwa na usiku mmoja tumbo lilipokaza hadi akapelekwa hospitali kubwa zaidi, akaandaliwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kilichomwokoa na kisu ni kwamba tumbo lilikuwa laini likibonyezwa, wakati yeye mwenyewe anajipinda kwa maumivu. Daktari wa zamu akaamua kusubiri. Asubuhi maumivu yalikuwa yametulia, akarudishwa nyumbani na dawa ya kulainisha choo. Maumivu makali ndani ya tumbo laini, pamoja na choo kugoma, ni dalili ya kale sana ya sumu fulani. Usiku ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiwaza.

Kilichomrudisha kwetu safari hii si tumbo. Ni mkasi. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kulegea kwenye kifundo. Akitaka kukata kitambaa, kiganja kinainama chini na hakiinuki. Nyumbani walishasema kiharusi, na mtu mmoja sokoni alishasema pombe, yaani amelala ameukalia mkono akiwa amelewa. Fundi ni mlokole, pombe hata harufu yake haitaki, na maneno hayo yalimuuma kuliko mkono.

Tukampima. Uso uko sawa, mguu uko sawa, maneno yanatoka vizuri: kiharusi hakipo. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Sukari ya kawaida. Ukimchoma kidogo na kipini kwenye ngozi ya mkono anahisi kila mahali, na hana mishipa ya fahamu iliyovimba wala mabaka yaliyokufa ganzi, kwa hiyo ukoma nao tukauweka kando. Kilichokufa ni nguvu tu, tena nguvu ya kuinua kifundo na vidole. Mkono wa kushoto ulikuwa na udhaifu uleule, mdogo zaidi. Mkono unaofanya kazi nyingi ndio ulioumia zaidi. Presha ilikuwa 150 kwa 95, na himoglobini 7.9.

Aliyefungua njia ni mtaalamu wetu wa maabara. Alikuwa anatafuta vimelea vya malaria, kazi anayoifanya siku nzima, akafika kwenye sehemu nyembamba ya slaidi ambako chembe nyekundu hubaki nzima. Malaria hakuona. Aliona chembe ndogo, zilizopauka, na ndani ya baadhi yake vitone vya buluu vilivyotapakaa chembe nzima. Angeweza kuandika kwamba hakuna malaria na kuita namba inayofuata. Fomu haikuwa na nafasi ya jambo jingine. Akaja na darubini yake hadi mlangoni kwangu, waya wake unaburuzika, akaniambia, "Hebu angalia hizi, halafu unieleze huyu baba anafanya kazi gani."

Chembe nyekundu ikiwa changa hubaki na masalia ya molekuli za RNA zilizotumika kuijenga, na kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuyasafisha. Madini ya risasi, haya yanayotiwa kwenye betri za magari, hukizuia kimeng'enya hicho. Masalia hurundikana, na ukipaka rangi ya maabara yanaonekana kama vitone. Madini hayohayo huzuia pia hatua mbili za kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ndiyo maana vidonge vya chuma havikumfaa kitu: chuma kilikuwepo, mwili haukuweza kukitumia. Vitone hivyo huonekana pia katika magonjwa kadhaa ya kurithi ya damu, kwa hiyo peke yake si uthibitisho. Lakini weka pamoja tumbo linalosokota bila kukakamaa, choo kigumu, damu pungufu, presha, na vifundo vya mikono vinavyolegea bila ganzi, halafu mtu akuonyeshe vitone. Kwenye fizi tulitafuta ule mstari wa buluu unaotajwa vitabuni, hatukuuona. Wengi wenye sumu hii hawana.

Tukaanza kumuuliza.

"Fundi, umewahi kufanya kazi ya betri za gari?"

"Hapana, dokta."

"Kuyeyusha vyuma? Kupaka rangi? Mama watoto anatumia wanja? Sufuria zenu ni zile za kumimina vyuma chakavu?"

"Dokta, mimi ni kitambaa na uzi tu. Na sufuria tulipewa na shirika."

"Mwilini je, kuna chuma chochote?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kukunja suruali. "Labda hii. Lakini hii ni ya zamani, ya 2008. Kule waliniambia iache ikae, haina neno."

Juu ya goti la kulia, upande wa nje, palikuwa na kovu dogo la duara. Goti limevimba kiasi, halikunjiki kupita pembe mraba. Nilipoweka kiganja na kumwomba alinyooshe polepole, nilihisi kusagika kwa ndani, chenga kwa chenga. Yeye hajawahi kulitaja goti kwa mhudumu yeyote kwa sababu lilikuwa linauma vilevile miaka yote. Aliona si habari. Na hakuna aliyemuuliza. Maswali yetu ya kwanza huanza na "tangu lini," na mtu mwenye tumbo atakujibu kuhusu tumbo.

Picha ya eksirei ilipigwa mjini. Kipande kikubwa kilikuwa kimejikita kati ya vichwa viwili vya mfupa wa paja, pale ndani kabisa ya kiungo. Hicho kilitarajiwa. Ambacho hakikutarajiwa ni vumbi jeupe lililochora mipaka ya kiungo chote, juu hadi nyuma ya kilegesambwa, kama unga uliobaki kwenye pembe za mfuko. Mfupa haufanyi hivyo, wala chokaa ya kawaida ya uzee haijipangi hivyo. Ni madini yaliyoyeyuka na kujipaka kwenye utando wa ndani wa goti.

Damu ikapelekwa Kampala, na huko ikasafirishwa nje ya nchi kupimwa. Jibu: mikrogramu 86 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe. Tulipima pia mke wake na mtoto wao wa mwisho, wanaokula chungu kimoja naye na kulala chumba kimoja. Wote wawili walikuwa chini ya 5. Kipimo hicho cha familia ndicho kilichonitoa wasiwasi kuliko picha: kama sumu ingekuwa kwenye maji, rangi, vyombo au udongo wa uani, mtoto angekuwa wa kwanza kuionyesha.

Kwa nini goti?

Hapa ndipo maneno "haina neno" yanapotakiwa kuchunguzwa vizuri, maana si ya uongo. Risasi iliyokaa ndani ya msuli hufungwa na mwili. Nyuzi za kovu hujijenga kuizunguka, damu haipiti karibu nayo sana, na mtu anaweza kuzeeka nayo. Kuichimbua huenda kukamuumiza zaidi ya kuiacha, na daktari wa upasuaji wa vita anayeacha risasi ya msuli mahali pake anafanya kazi yake ipasavyo. Kiungo ni hadithi nyingine. Madini ya risasi huyeyuka ndani ya majimaji ya kiungo kwa urahisi kuliko ndani ya damu au maji. Utando wake hauifungi risasi, unaiogesha majimaji. Juu ya hayo kuna msuguano: mtu kila anapopiga hatua, mfupa unasaga chuma na kutoa vumbi jipya lenye eneo kubwa zaidi la kuyeyuka. Gegedu la goti huliwa humohumo, kwa hiyo mgonjwa hupata mawili kwa mpigo, goti bovu na sumu mwilini. Hatari ya namna hii iko pia kwenye diski za uti wa mgongo, na pale risasi inapovunja mfupa na kubaki kwenye ufa wake.

Na aina ya risasi ina maana yake. Nyingi za bunduki za jamii ya AK zina kiini cha chuma, juu yake tabaka jembamba la madini ya risasi, halafu ganda la nje. Ikiingia nzima na kubaki nzima, madini hayo yamefichwa. Ikigonga mfupa ganda hupasuka na tabaka lile hubaki wazi. Kwenye picha ya Fundi ungeweza kuona vyote viwili: kijiti kilichonyooka cha kiini na matone yaliyotawanyika pembeni. Kiini hicho cha chuma kina jambo jingine la kukumbuka, kwani mtu wa namna hii haingizwi hovyo kwenye mashine ya MRI. Sumaku yake inaweza kukisogeza chuma, na chuma hicho kiko hatua chache kutoka kwenye mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti.

Kisha kuna cherehani. Miaka ya mwanzo Nakivale Fundi alilima shamba alilogawiwa, baadaye akanunua cherehani ya kukanyaga na kuacha jembe. Anakanyaga kwa mguu wa kulia, kutwa nzima, siku sita kwa juma. Tumbo lilianza baada ya hapo. Hili ni wazo langu na sina namna ya kulithibitisha, lakini ukitaka kubuni mashine ya kusaga risasi ndani ya goti polepole, ungebuni karibu ileile. Wenzangu wengine wanaona muda tu ungetosha, na wanaweza kuwa sahihi: zimeandikwa habari za watu waliougua mwaka mmoja baada ya kupigwa, na za wengine miongo kadhaa baadaye, bila cherehani yoyote.

Muda huu mrefu una sababu nyingine. Madini ya risasi yakiingia kwenye damu, nusu yake huondoka kwa mwezi mmoja hivi, lakini sehemu kubwa huhamia mifupani na kukaa miaka kumi, ishirini, thelathini. Mfupa unayapokea kama kalisi. Kwa hiyo mtu anaweza kujaza ghala miaka mingi akijiona mzima, hadi siku kitu kitakapolifungua: kuvunjika mfupa, tezi ya koo kufanya kazi kupita kiasi, kulala kitandani muda mrefu, na kwa wanawake ujauzito na kunyonyesha. Hilo la ujauzito ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu makazi ya wakimbizi, maana waliopigwa risasi Kivu si wanaume peke yao, na madini hayo hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Fundi hakupelekwa moja kwa moja kwenye kisu, ingawa ndivyo yeye alivyotaka alipoona picha. ("Itoeni leo," alisema, na kwa kweli ukishaiona huwezi kumlaumu.) Kufungua kiungo kilichojaa vumbi la namna hii kunaweza kumwaga sumu zaidi kwenye damu, na kiwango kilichokuwa 86 kikipanda ghafla ubongo huwa hatarini, degedege na kupoteza fahamu. Kwanza hupewa dawa inayoyakamata madini na kuyatoa kwa mkojo. Dawa hizo ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati ni mambo mawili. Ilichukua majuma kadhaa kupata vidonge vya DMSA, ambavyo kozi yake moja ni siku 19. Tulifikiria pia dimerkaprol ya sindano. Hiyo huchanganywa na mafuta ya karanga, kwa hiyo lazima uulize mzio wa karanga, na haitolewi pamoja na vidonge vya chuma kwa sababu huungana na chuma kikawa sumu. Fundi alikuwa bado anameza chuma chake asubuhi na jioni. Hilo peke yake lingeweza kumdhuru kama mtu angekuwa na haraka.

Baada ya kozi ya kwanza kiwango kilishuka hadi 44. Tumbo lilitulia wiki ya kwanza ileile, jambo lililomfanya atake kuacha dawa. Majuma matatu baadaye kiwango kilikuwa kimepanda tena hadi 58, kama inavyotarajiwa chanzo kikiwa bado ndani na mifupa ikirudisha kilichohifadhiwa. Akapewa kozi ya pili, kisha goti likafunguliwa. Daktari wa mifupa alitoa kiini na vipande vilivyoonekana, na kukwangua utando wa kiungo, ambao ulikuwa wa kijivu cheusi badala ya waridi. Vipande vidogo vilivyozama kwenye mfupa aliviacha, kwani kuvifuata kungekula goti lenyewe. Miezi mitatu baada ya upasuaji kiwango kilikuwa 27, himoglobini 11, na Fundi anashika mkasi, ingawa kitambaa kizito cha sare za shule humpa mwanawe amkatie.

Watu wa kulaumiwa katika kisa hiki ni wachache kuliko inavyoonekana. Waliomtibu mwaka 2008 walikuwa na majeruhi wengi na umeme wa kubahatisha. Kufungua goti katika hali ile kungeweza kumletea usaha na kumkatisha mguu. Kuiacha kulikuwa uamuzi wa siku ile. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya sentensi: haina neno kwa sasa, lakini iko ndani ya kiungo, kwa hiyo ukifika mahali palipotulia wakuangalie upya. Hata karatasi yenye maneno hayo ingepotea njiani kati ya Bunagana, pale mpakani, na Kisoro, najua. Maneno yenyewe yasingepotea. Fundi aliyashika yale aliyopewa kwa miaka 14 na kuyarudia neno kwa neno.

Na chuma si kitu pekee kinachosahaulika mwilini. Mwiba au kijiti cha mti hakionekani vizuri kwenye eksirei, na tofauti na chuma, mti hauachi kuusumbua mwili. Kidonda hufunga, hufumuka, hufunga, na mtu hupewa antibayotiki mwaka mzima wakati kipimo cha mawimbi ya sauti kingekionyesha. Kitambaa cha kufyonza damu kilichosahauliwa tumboni wakati wa upasuaji huweza kukaa miaka kikijifanya uvimbe. Kioo nacho huonekana kwenye eksirei, kinyume na wengi wanavyodhani. Kwa vyote hivyo swali la kwanza si kimekaa muda gani. Ni kitu gani, na kiko wapi.

Kituoni sasa tumeongeza swali moja kwa kila mgonjwa mpya anayetoka upande wa vita: kama ana risasi, kipande cha bomu au chuma cha upasuaji mwilini, na mahali kilipo. Linachukua nusu dakika. Wengi hujibu hapana. Wanaojibu ndiyo hupigwa picha ikiwa kitu kiko karibu na kiungo au uti wa mgongo, na wenye kitu ndani ya msuli huambiwa wakiache, tukaandika hivyo ndani ya jalada la daftari, si kwenye ukurasa wa siku ile.

Kuhusu Fundi mwenyewe bado hatujakubaliana mambo mawili. Daktari wa mifupa anataka aache kukanyaga kabisa na atafutiwe mota ya umeme wa jua. Mota zipo sokoni lakini bei yake ni ya miezi mingi ya kushona, na yeye anaona amepona. La pili ni vile vipande vilivyobaki mfupani. Mimi ningempima damu kila baada ya miezi sita kwa miaka kadhaa, pamoja na figo na presha, ambayo haijashuka. Mwenzangu anasema mara moja kwa mwaka inatosha, hasa kwa kuwa kila kipimo kinamgharimu mtu safari mbili na fedha ambazo shirika limelipa mara hii tu. Kipimo kijacho kimepangwa, na bado hatujajua nani atakilipia.